Mita 144 za Kuvuka Barabara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama Mutindwa, Eastlands ya Nairobi, upande wa Umoja, na utazame ng'ambo ya barabara ya Outer Ring. Kule ni Buruburu. Mtu mwenye mkono mzuri akirusha jiwe linakaribia kufika. Kati yako na Buruburu pana barabara ya pembeni, mtaro, magari yanayoshuka Donholm, kizuizi cha katikati, magari yanayopanda Kariobangi, mtaro wa pili na barabara nyingine ya pembeni. Mwanafunzi aliyevaa sweta ya shule anachungulia kulia, anapiga hatua mbili, anarudi. Fundi wa mjengo aliyebeba buti zake kwenye mfuko wa gunia hasubiri. Anakimbia, anasimama katikati huku malori yakimpita mbele na nyuma, kisha anamaliza nusu iliyobaki. Mama mwenye mtoto mgongoni anamtazama fundi, anatazama daraja la wapita njia lililo mbali kidogo, na anamfuata fundi.

Kabla hujamwita mkaidi, piga hesabu. Lori refu linahitaji zaidi ya mita 5 ili lipite chini ya daraja. Ukiongeza unene wa daraja lenyewe, mpita njia anapanda kama mita 6. Mwinamo ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuumudu ni mita 1 ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda, kwa hiyo kuna mita 72 za kupanda na 72 nyingine za kushuka. Jumla ni mita 144, na bado hujahesabu upana wa barabara wala mwendo wa kulifikia daraja. Ngazi ni fupi zaidi, ila mzee wa magoti mabovu na mchuuzi mwenye gunia la viazi hawazitaki. Dereva haongezewi hata hatua moja. Daraja hujengwa kwa jina la mpita njia, lakini anayefaidi ni dereva, kwa sababu hahitaji tena kupunguza mguu kwenye mafuta.

Polisi wamewahi kufanya misako ya kuwakamata wanaovuka barabara kuu za Nairobi chini ya madaraja. Sijawahi kusikia msako wa kumkamata mhandisi aliyeweka daraja mahali ambapo watu hawapiti.

Wanaotembea katika jiji hili si wachache. Mpango mkuu wa maendeleo ya Nairobi, uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA na kukamilika mwaka 2014, ulionyesha kwamba kwa kila safari kumi zinazofanywa jijini, kama nne hufanywa kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Safari za magari ya binafsi hazifiki robo. Na hapo hatujamgusa abiria wa matatu, ambaye naye anatembea hadi steji asubuhi na kutoka steji jioni. Eastlands, walikojaa wafanyakazi wa viwandani, mafundi, walinzi na wauzaji wa soko la Gikomba, miguu ndiyo usafiri wa umma wa kwanza. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na nauli ikipanda njia za miguu zinajaa zaidi, kwenye matope.

Anayedhani ninatia chumvi akumbuke tarehe 3 Desemba 2018. Siku hiyo Kaunti ya Nairobi, wakati huo ikiongozwa na Gavana Mike Sonko, ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Zile za Jogoo Road ziliishia Muthurwa. Maelfu ya watu walishuka na kutembea kuelekea kazini, wengine wakiwa na mizigo, wengine wagonjwa, kwenye vijia visivyotosha hata nusu yao, na kabla ya wiki kwisha agizo lilikuwa limesitishwa. Mwezi uliofuata, Januari 2019, Waziri wa Uchukuzi James Macharia alitangaza kwamba magari yasingeingia katikati ya jiji siku za Jumatano na Jumamosi. Tangazo hilo nalo lilizimwa kabla halijaanza kazi. Mara zote mbili serikali ilitaka watu watembee bila kuwatayarishia mahali pa kutembea.

Kinachouma ni kwamba mitaa ya zamani ya Eastlands ilichorwa kwa ajili ya miguu. Ingia Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940. Nyumba zake za mawe zimepangwa kuzunguka uwanja wa kijani na ukumbi wa jamii, na vijia vinatoka kila upande vikielekea huko katikati. Mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ulishikilia wazo hilo hilo la mtaa unaojitosheleza, wenye shule, maduka na uwanja wa michezo ambao mtoto anaufikia bila kuvuka barabara kubwa. Tusijidanganye kuhusu nia iliyokuwa nyuma yake. Mkoloni hakumwazia Mwafrika gari. Alitaka wafanyakazi walale mashariki, karibu na reli na viwanda, waamke wafike kazini kwa miguu yao. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, na Muthurwa vivyo hivyo. Lakini hata kama nia ilikuwa mbaya, vijia vilivyobaki ni vizuri. Ukitaka kwenda kwa jirani Kaloleni huhitaji kutazama kulia wala kushoto.

Buruburu ilifuata miaka ya 1970 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, awamu kwa awamu, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Ilikusudiwa watu wenye mshahara wa kati, na hao walitazamiwa kuwa na gari. Hata hivyo wachoraji walizipanga nyumba kwa makundi yaliyokabili viwanja vidogo, na makundi hayo wakayaunganisha kwa vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mtoto wa awamu ya pili alifika awamu ya tatu kwa kupenya vichochoro. Baadaye wenye nyumba walianza kuongeza vyumba vya kupangisha mbele na kando, maduka yakatokeza kwenye Mumias South Road, na mageti ya usalama yakafunga vichochoro vingi. Msafara wote wa watoto, wazee na wauzaji ukasukumwa hadi barabara kuu. Huko walikutana na matatu za njia namba 58.

Jogoo Road ina simulizi lake. Wazee wa Maringo wanaikumbuka kwa jina la Doonholm Road, kutokana na shamba la mlowezi lililokuwa huko mbele. Baada ya uhuru ikapewa jina la jogoo, alama ya chama cha KANU. Ndiyo mshipa wa Eastlands. Upande mmoja pana Shauri Moyo, Maringo, Jericho na Bahati, upande wa pili Kaloleni, Makongeni na Mbotela, halafu reli, na ng'ambo ya reli viwanda. Asubuhi watu huivuka barabara hii kwa wingi kuliko wanavyoifuata. Yeyote anayetaka kuibuni upya aanze hapo, kwa sababu wahandisi huhesabu kinachopita kwa urefu wa barabara na kusahau kinachoikata. Gari linaipita Makongeni mara moja asubuhi na mara moja jioni. Mtu wa Makongeni anaivuka kununua sukuma, kupeleka mtoto shule, kwenda kanisani, kumtembelea shangazi na kurudi.

Ujenzi wa Outer Ring ulipaswa kuwa somo la kurekebisha hayo. Barabara hiyo ya kilomita 13, kutoka Thika Road hadi Taj Mall (jumba lenyewe lilibomolewa mwaka 2018, lakini makanga bado wanaliita), ilipanuliwa katikati ya muongo uliopita na Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa haki, mchoro wake haukuwasahau wapita njia. Uliwawekea njia za miguu na njia za baiskeli pande zote mbili, kitu ambacho Eastlands haikuwahi kupewa. Tatizo lilikuwa mpangilio wa kazi. Lami ilitandazwa kwanza, magari yakaanza kukimbia, na madaraja ya wapita njia yakaja nyuma, wakati wakazi walikuwa wameshazika watu.

Siku hizi, mwendesha baiskeli anayetoka Kariobangi kuelekea Donholm hukutana na mambo mengi kwenye njia aliyochorewa. Kuna marundo ya mitumba juu ya turubai. Kuna fundi wa matairi na kompresa yake. Kuna pikipiki za boda boda zilizopangwa kwa mstari zikisubiri abiria, na zile zinazokuja kinyume kwa sababu njia ya kugeuza magari iko mbali. Kuna mahali ambapo maji ya kuosha magari yamegeuza njia kuwa kidimbwi. Anateremka, anasukuma, anapanda, anateremka tena, na mwishowe anaingia barabarani pamoja na mabasi. Kisha dereva anapiga honi na kumuuliza kwa nini hatumii njia yake.

Ofisini jibu la tatizo hilo huwa ni moja tu: leteni askari wa kaunti wawafukuze wachuuzi. Askari hao, kanjo, huja, bidhaa hupakiwa kwenye lori, na baada ya siku chache turubai zinarudi palepale. Hazirudi kwa sababu wachuuzi ni wakaidi. Mchuuzi hufuata miguu ya watu, na njia nzuri ya miguu ndiyo inayompa wateja. Kwa hiyo kadiri njia inavyopendeza, ndivyo inavyovutia kibanda. Mchoro wa njia ya miguu usioonyesha mahali pa kuuzia tayari umekubali kwamba biashara itafanywa juu ya njia yenyewe.

Katika maisha ya kila siku ya mtaa, mama mboga si mvamizi. Ndiye taa ya jioni. Msichana anayeshuka matatu saa mbili usiku pale Jericho hujisikia salama palipo na vibanda, mafuta yanayochemka na watu wanaojuana kwa majina, na huogopa palipo na ukuta mtupu na kabro safi. Ukimwondoa mwenye kibanda umeiondolea barabara mlinzi asiyelipwa. Ukimwacha akae popote, mama mwenye kigari cha mtoto na kipofu mwenye fimbo wanashukia barabarani. Pande zote mbili zina haki. Ni kazi ya mchoro kuzipatanisha.

Na inawezekana, maana si jambo la uchawi. Chukua ukanda wa kando ya barabara wenye upana wa mita 5, na Eastlands ina mahali pengi penye nafasi hiyo, ila imeachiwa vumbi na magari yaliyoegeshwa. Ugawe mara tatu. Mita 2 za kutembea, wazi kabisa, zisizo na nguzo wala ubao wa matangazo, kwa sababu watu wawili wanaopishana na mizigo wanahitaji kiasi hicho. Mita kama 1 na nusu karibu na lami kwa miti, taa, mabenchi na vibanda vilivyopimwa, vyenye namba, vinavyotazama njia ya miguu na kulipa ushuru unaojulikana. Kinachobaki ni cha mwenye duka kuweka kiti, mzani au gunia lake la makaa. Mahali ambapo gari linaingia kwenye geti, njia ya miguu isishuke, bali gari ndilo lipande. Mitaro ifunikwe kwa slabu zinazoweza kufunuliwa, maana udongo wa Eastlands ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na maji yasipopata njia yataibomoa kabro kabla ya uchaguzi unaofuata.

Kizuizi hapa si ujuzi. Barabara kubwa ni za KURA, ilhali leseni za wachuuzi na askari wa kuwafukuza ni za kaunti. Anayejenga njia si yule anayetoza ushuru wa kibanda. Kila upande unaweza kusema kwamba vibanda si kazi yake, na kwenye pengo hilo ndipo turubai hutandikwa.

Katikati ya jiji tumeona kwamba barabara ikipangwa upya inaweza kubadilika. Mwaka 2019 Luthuli Avenue, ambako nusu ya redio za Eastlands zimenunuliwa, ilipunguzwa nafasi ya magari, ikawa ya kwenda upande mmoja, ikapanuliwa njia za miguu, ikapandwa miti na kuwekwa viti, kwa ushirikiano wa kaunti na UN-Habitat. Wenye matatu walipinga, na wenye maduka waliogopa kupoteza wateja. Kati ya 2020 na 2022 Idara ya Huduma za Jiji, NMS, iliyokuwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi, ikaendeleza njia za miguu na za baiskeli kwenye Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu na Wabera. Ni kazi nzuri. Lakini tazama ramani: Luthuli, Kenyatta Avenue, Wabera, na kabla yake UN Avenue kule Gigiri, ambayo ilitengenezewa njia za kutembea na za baiskeli mapema kuliko karibu zote. Fedha za miguu zinaanza kutumika mahali ambapo wageni hupiga picha. Mtu wa Umoja huzikuta akishashuka kwenye matatu.

Sera nayo haikosekani. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, iliyotayarishwa kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na ndani yake ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itaelekezwa kwa wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na usafiri wa umma. Asilimia 20 kwa wanaofanya sehemu kubwa ya safari si ukarimu wa kupindukia. Laiti zingefika Kayole.

Ukitaka kuona Eastlands ikijipanga yenyewe, nenda Dandora. Mtaa huo ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali iligawa viwanja kama 6,000 vyenye maji, choo na njia, na kila mwenye kiwanja akajijengea. Wengi wanaujua kwa jaa la taka tu. Lakini ndani yake nyumba nyingi zimezunguka viwanja vya pamoja, na viwanja hivyo vilikuwa vimegeuka dampo na maficho. Vijana wa Dandora Transformation League walianza kuvisafisha kimoja baada ya kingine. Walipaka rangi, wakapanda maua, wakaweka geti na bembea, na kwa baadhi ya viwanja wakatoza ada ndogo ya kuosha au kuegesha magari ili apatikane wa kulinda na kufagia. Baadaye UN-Habitat na washirika wake walikuja na mpango wa mtaa wa mfano. Wakazi, wakiwemo vijana ambao hawajawahi kushika karatasi ya mchoro, walikaa mbele ya kompyuta wakaijenga barabara yao kwa mchezo wa Minecraft: hapa taa, hapa mtaro, hapa watoto wachezee, hapa mama mboga.

Sitaki kuipamba Dandora kupita kiasi. Ni kipande cha barabara tu, na kazi inayotegemea kujitolea huchoka. Lakini angalia walichofanya ambacho ofisi hazifanyi. Walianza na swali la nani atafagia na atalipwa na nani, na rangi ikafuata. Njia nyingi za miguu Nairobi hufunguliwa kwa mkanda na makasi na hazijulikani ni za nani keshoye.

Suala la mwendo wa magari nimelichelewesha makusudi, kwa sababu kila mtu hulikubali kwa mdomo. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mpita njia kufa akigongwa hupanda mara 4 na nusu gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 65. Mwaka 2020 mawaziri waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchangamana, mwendo usizidi kilomita 30. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, za mwaka 2023 zilionyesha vifo 4,324 barabarani nchini Kenya, na kiasi cha theluthi moja walikuwa watu waliokuwa wakitembea tu. Kibao cha kilomita 50 hakimpunguzi mwendo dereva wa Outer Ring. Kinachompunguza ni upana wa njia, maana njia ikiwa finyu kidogo mguu wenyewe unalegea, na kivuko kilichoinuliwa hadi kimo cha njia ya miguu, kiasi kwamba gari ndilo linalopanda tuta na mtu anavuka kwa usawa.

Dar es Salaam walilifanya hili kando ya shule. Shirika la Amend lilijenga njia za miguu, matuta na vivuko, na kwingine likahamisha geti la shule kutoka barabara yenye fujo hadi upande wa kimya. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na daraja moja la chuma. Utafiti ulionyesha majeraha ya barabarani kwa wanafunzi yakipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ulitwaa Tuzo ya kwanza ya Ross ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Kuhamisha geti! Shule ngapi kandokando ya Jogoo Road zina ukuta wa nyuma unaotazama kichochoro?

Baiskeli imenyanyaswa hata kwenye makala hii, na si haki. Eastlands ni tambarare. Kutoka Donholm hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 8, mwendo wa nusu saa na kitu kwa mtu asiye na haraka, na jioni baiskeli inaweza kuishinda matatu. Wanaoendesha wapo tayari. Ni bawabu wa Industrial Area anayerudi alfajiri kwa baiskeli ya Black Mamba, mgawa mkate mwenye kreti nyuma, na mwenye mitungi ya maji ya lita 20. Hawa hawavai kofia za rangi wala hawapigwi picha. Vikundi kama Critical Mass Nairobi, ambavyo huendesha pamoja mara moja kwa mwezi, vimesaidia jiji kuiona baiskeli kama kitu cha kila mtu, lakini anayeihitaji zaidi yuko kazini saa ambayo msafara unaanza. Njia yake isitenganishwe na magari kwa mstari wa rangi peke yake. Iwekewe ukingo. Na mkokoteni uruhusiwe humo, maana mwenye mkokoteni wa Gikomba hana njia nyingine na wala hatakwisha kesho.

Nikiambiwa nichague barabara moja ya kuanza, nitachagua Mumias South Road, wala si Jogoo. Jogoo ni kubwa, ina mipango ya mabasi ya kasi juu yake, na itasubiri wafadhili kwa miaka mingi. Mumias South ni fupi, ina maduka, ina shule, ina watu wanaotembea mchana na usiku, na vichochoro vya zamani vya Buruburu bado vinaishia pale, ukivifungua. Steji zipangwe mahali maalumu badala ya kila mlango. Vivuko vya kuinuliwa viwekwe mahali ambapo vichochoro vinatokea, na si mahali ambapo mhandisi anaona panapendeza kwenye karatasi. Wenye maduka waliojenga hadi ukingoni warudishe walichochukua. Hapo ndipo ugomvi utakapokuwa, nakwambia mapema, kwa sababu mwenye jengo la ghorofa tano lililoingia kwenye njia ya watu ana wakili, na mama mboga hana.

Mitaa ya zamani inabomolewa na kuinuliwa upya sasa hivi. Majumba ya mpango wa nyumba za bei nafuu yanakua Shauri Moyo na Starehe, na pale palipoishi familia moja wataishi watu wa ghorofa nzima. Wote watashuka asubuhi, na wengi wao hawatakuwa na gari. Laini ya mabasi ya kasi inayopangwa kutoka Dandora hadi Hospitali ya Kenyatta nayo itawashusha watu kwenye vituo, na kituo kisichofikika kwa miguu hakina faida.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wakazi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo vya wadi huwa na watu wachache, soda na karatasi ya mahudhurio. Nenda. Ukiambiwa barabara yenu itatengenezwa, usiulize itaisha lini. Omba kuuona mchoro, uonyeshwe mtoto wa shule atavukia wapi, mama mboga amewekwa wapi, na nani atafagia. Wakikosa kukuonyesha, usitie sahihi kwenye ile karatasi ya mahudhurio, kwa sababu sahihi yako ndiyo watakayotumia kusema kwamba uliulizwa.